Wanaume Kumi na Mmoja na Vyura Watatu

Katika mwezi wangu wa tatu wa kupima, nilitangaza kwamba wanaume kumi na mmoja wa Kolwezi hawakuwa na hata mbegu moja iliyo hai. Wote ndani ya majuma mawili. Wanaume wenyewe walikuwa wazima. Mimi ndiye niliyeosha vikopo vyao kwa maji ya javel, ile dawa kali ya kung'arishia nguo, mara tatu kila kikopo, kwa sababu nilitaka viwe safi kuliko vya mtu yeyote aliyenitangulia. Javel iliyobaki kwenye kuta za kikopo iliua kila kilichotiwa humo.

Naanza na hilo kwa kuwa ninyi vijana wa maabara mmelisimulia kwenye chai kwa miaka mingi, na idadi inapanda kila mwaka. Mara ya mwisho nilisikia wamefika arobaini na padri mmoja. Walikuwa kumi na mmoja. Padri hakuwemo. Sasa nimestaafu, sina sampuli inayoningoja, kwa hiyo acheni niisimulie mwenyewe, pamoja na sehemu ambayo hamjawahi kuisikia. Karibu wote waliokuwapo siku ile walipanda treni wakaenda, na mimi sikuwa na haraka ya kuwakumbusha waliobaki.

Niliingia hospitali ya kampuni ya migodi ya shaba nikiwa na miaka ishirini na miwili, kama muosha chupa. Mkuu wa maabara alikuwa Tata Mukendi, kwetu tata ni baba, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea vidonda. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, lakini yeye alizaliwa Kolwezi, akasoma Kolwezi, na Kasai aliijua kwenye ramani tu. Siku ya kwanza aliniuliza ninajua nini. Nikamjibu kwamba najua kuosha. Akasema basi nusu ya kazi ninaijua. Nusu iliyobaki ni kuangalia, na hiyo hawaifundishi popote.

Nilikuwa kijana wa wasiwasi. Jioni nikifika getini nilirudi kuhakikisha kwamba taa ya hadubini imezimwa. Nikifika tena getini nilirudi kuhakikisha kwamba nilihakikisha. Mlinzi aliacha kuniaga. Aliniuliza tu kama leo ni mara ya ngapi. Sikuwa na diploma yoyote, na nilidhani mtu asiye na diploma haruhusiwi kukosea. Wenye diploma, niliwaona kwa macho yangu, walikosea kwa utulivu mkubwa.

Nilijifunza kwa kitabu cha Kifaransa cha fiziolojia ambacho masista walikitupa. Mchwa walikuwa wamekipitia kabla yangu. Sura ya korodani ilikuwa nzima. Sura ya ovari ilikuwa na jina lake na nusu ya picha. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa nilijua kila kitu kuhusu mwanamume na sikujua lolote kuhusu mwanamke. Tata Mukendi aliponigundua alisema wanaume wengi huishi hivyo hadi kufa, lakini mtu wa maabara hawezi.

Sura iliyoliwa na mchwa alinijazia yeye. Tezi za uzazi, alinieleza, zina kazi mbili. Kazi ya kwanza kila mtu anaijua: kutoa mbegu kwa mwanamume na yai kwa mwanamke. Kazi ya pili ni kutuma wajumbe kwenye damu, na wajumbe hao ndio homoni. Korodani hutuma testosteroni, inayootesha ndevu na kuifanya sauti iwe nzito. Ovari hutuma wawili kwa zamu: estrojeni kabla ya yai kutoka, projesteroni baada yake. Juu ya wote, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama punje ya haragwe inayotoa amri. Nikamwuliza tunazipimaje, maana hatukuwa na mashine. Akacheka. Akachukua ute wa mlango wa uzazi wa mgonjwa mmoja, akaupaka kwenye kioo, akauacha ukauke, akaniita.

Chini ya hadubini kulikuwa na majani. Matawi na vijitawi, kama yale ya kangaga linaloota penye maji. Aliniambia hiyo ndiyo estrojeni, ikiandika kwa mkono wake. Juma moja baadaye alinionyesha kioo kingine cha mama yuleyule, na majani yalikuwa yametoweka. Projesteroni imefika, akasema, imefagia uwanja. Ovari zinafanya kazi. Nilirudia kuangalia vile vioo viwili mpaka akanifunikia hadubini kwa kitambaa.

Baada ya hapo nikaruhusiwa kupima wanaume, na javel yangu ikaingia kazini.

Aliyenifichua ni mwanamume wa kumi na mmoja, aliyekuja kwa sababu ya uvimbe wa korodani. Niliandika kwa mwandiko wangu bora: mbegu zilizo hai, sifuri. Tata Mukendi alisoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Huyu tata eko na batoto munane," akasema. "Wa mwisho amezaliwa hapa hapa, ku maternité yetu, mwezi jana. Sasa weye unasema nini?"

Akachukua kikopo kitupu kutoka kwenye kabati langu, akakitia pua, akanipa na mimi ninuse. Kisha akakaa, akacheka mpaka uzi wa miwani ukakatika. Tangu siku hiyo jina langu likawa Monsieur Javel. Alisema miaka sita ijayo waalimu wa darasa la kwanza watakuja kuniuliza watoto wako wapi.

Tuliwaita wote upya. Vikopo nikavisuuza kwa maji ya moto tu, nikavikausha juani. Kwenye daftari kubwa la maabara, mbele ya sifuri ya kila aliyekuja, niliandika matokeo ya kweli kwa wino mwekundu. Wanaume kumi walikuja, wakapimwa, wakacheka au wakatukana, wakaenda zao. Mmoja hakuja.

Huyo aliitwa Kabeya, fundi umeme, naye pia mtu wa familia ya Kasai. Alikuwa ameoa Mujinga, binti wa watu wa Bukama, wenyeji wa huku kama baba yangu, na walikuwa wamekaa miaka minne bila mtoto. Mujinga tulikuwa tumempima kwanza, kama desturi ilivyokuwa: mwanamke hupimwa kwanza, hupimwa sana, na mwanamume hupimwa akitaka. Majani yake yalitokea na kutoweka kwa wakati wake. Ovari hazikuwa na shida. Ndipo Kabeya akakubali kuleta kikopo, na mimi nikamwandikia sifuri. Kesho yake alirudi kazini Kisenge, kwenye migodi ya manganizi, alikokuwa ametumwa na kampuni.

Angekuwapo daktari mwenye akili ya kawaida angeuliza kwanza mume analala wapi. Miaka ile yote minne Kabeya alikuwa akikaa Kisenge majuma sita, akirudi siku nne, akienda tena. Hakuna homoni inayosafiri kwa treni. Lakini sisi wa maabara tunapenda kupima kuliko kuuliza.

Nilipaswa kumwandikia barua. Watu wa treni wangeifikisha bila shida. Niliandika rasimu saba, na kila moja niliona ina kasoro: hii inaonekana najitetea, hii ina kosa la Kifaransa. Tata Mukendi aliponiuliza kama nimemjulisha yule wa Kisenge, nilijibu kwamba nimekwisha kumjulisha. Hilo ndilo kosa langu. Javel ilikuwa uzembe wa mtu mwenye bidii. Lakini lile neno "nimekwisha" nilitamka nikijua. Mara mbili baadaye nilimwona Kabeya sokoni wakati wa likizo yake, na mara zote mbili nilijificha nyuma ya magunia ya muhogo. Muuzaji alidhani nataka kumwibia.

Ikapita mwaka na nusu. Katika muda huo kampuni ilianza kuanguka. Migodi ya chini ikajaa maji, mitambo ikasimama mmoja baada ya mwingine. Kwetu maabara tuliliona anguko hilo kwenye kabati: kwanza zikaisha rangi za kupakia sampuli, kisha vioo, kisha vipimo vya mimba. Tulifua pamba. Kisenge nako kazi ikasimama, mafundi wakarudishwa nyumbani, na Kabeya akakaa Kolwezi miezi mitatu mfululizo, hana la kufanya.

Kisha yakaja yale mengine. Redioni na mikutanoni ilisemwa kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Vijana wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Sitaeleza yote, wazazi wenu wanajua, na wengine wenu mlizaliwa huko walikokwenda. Tata Mukendi alikuja kazini mpaka asubuhi ambayo alizuiwa getini. Mlinzi yuleyule aliyehesabu safari zangu alilia akimzuia. Baada ya juma moja Tata Mukendi alikuwa stesheni na mke wake na masanduku, chini ya turubai, pamoja na maelfu ya watu waliongoja treni isiyokuwa na ratiba. Nikaambiwa nikae kwenye kiti chake. Nilikaa. Naandika hilo bila kulipamba.

Siku ya nne nikiwa kwenye kiti hicho, Mujinga aliingia. Hakuja kwa daktari, alikuja moja kwa moja kwangu. Alisema hajaona siku zake, juma la saba sasa. Yeye na Kabeya nao walikuwa stesheni. Kaka yake, Banza, alikuwa anakuja kesho kumchukua arudi nyumbani kwao. Ukoo ulikuwa umeamua kwamba hakuna mtoto, kwa hiyo hakuna kinachomfunga kwa mwanamume anayefukuzwa. Yeye alitaka kwenda na mume wake. Lakini alitaka kujua kwanza, kwa sababu treni ilikuwa na sifa mbaya: watu walikufa njiani, na mwenye mimba anayejijua hujilinda tofauti na asiyejijua.

"Nipime," akasema. "Usinidanganye, na usinihurumie."

Nikamwambia vipimo vimeisha. Akaniuliza zamani walipimaje. Sikujua. Mtu aliyejua alikuwa chini ya turubai.

Nilikwenda stesheni mchana uleule. Naungama kwamba nilivua koti jeupe kwanza, nisionekane. Nilimkuta Tata Mukendi amekaa juu ya sanduku, ananyoa ndevu kwa kioo cha hadubini kilichovunjika. Nilipomweleza, uso wake ulifunguka kama mtu aliyeulizwa habari za ujana.

Chura, akasema. Chura dume. Yeye alijifunza hivyo kabla vipimo vya kisasa havijafika. Mimba ikishatunga, kondo la nyuma, likingali changa, hutuma homoni yake kwa ovari, kuiambia iendelee kutoa projesteroni, isifagie nyumba yenye mgeni. Homoni hiyo inatoka pia kwenye mkojo. Ukimdunga chura dume mkojo huo chini ya ngozi ya mgongo, korodani zake hudhani ni amri kutoka kwenye tezi yake mwenyewe, na baada ya saa mbili au tatu huachia mbegu. Chura hajui kwamba ametumwa na mwanamke.

"Utamukamata kwanza, utaangalia mukojo yake mbele ya kumudunga," akaongeza. "Kama tayari eko na mbegu, umuachilie, huyo eko na mambo yake. Na Monsieur Javel, usimuoshe."

Nilikamata vyura kwenye mfereji nyuma ya jengo la kufulia, suruali imekunjwa hadi magotini, mbele ya wafuaji waliokuwa na maoni mengi. Nikapata watano. Mmoja alikuwa jike. Mmoja alikuwa na mambo yake. Wakabaki watatu. Asubuhi iliyofuata Mujinga alileta mkojo wa kwanza wa siku. Nikawadunga wawili, wa tatu nikamdunga maji ya chumvi, ili awe shahidi. Kisha nikakaa nao saa tatu, nikiwa na hofu kuliko wao.

Kwenye kioo cha chura wa kwanza niliona nyuzi nyembamba zinazotikisika. Kwenye cha pili vilevile, tena nyingi. Cha yule wa maji ya chumvi kilikuwa kitupu. Niliangalia mara sita. Mujinga aliomba kuangalia. Aliinama juu ya hadubini kwa muda mrefu, kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hakujua habari njema inafanana na minyoo.

Kisha akacheka, akaacha ghafla. "Sasa Kabeya atasema mutoto ni wa nani?"

Nilidhani anatania. Akanieleza kwamba mume wake bado anatembea na ile karatasi ya sifuri ndani ya mfuko wa shati. Hakumwonyesha mtu mwingine ila yeye na Banza. Banza alilazimisha kuiona. Karatasi hiyo ndiyo iliyoufanya ukoo useme hakuna kinachomfunga. Na leo, mbele ya kaka yule, angefika na mimba.

Nikamwambia aende mbele, ninamfuata. Nilisimama katikati ya maabara, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikurudi kuhakikisha chochote. Nilikwenda kwanza kwa Tata Mukendi, nikamwambia ukweli: kwamba sikumjulisha Kabeya, kwamba nilisema nimekwisha, na kwamba haikuwa kweli.

Mke wake aliacha kukunja nguo.

"Ile ya javel nilikusamehe siku ileile," akasema Tata Mukendi. "Mi mwenyewe nilifanya mabaya kupita ile. Lakini hii hapana, mutoto wangu. Hii siko na kitu ya kukuambia. Enda ulete registre."

Daftari la maabara haliruhusiwi kutoka hospitalini. Hilo mnalijua, mimi ndiye niliyewafundisha. Nililibeba kifuani, na safari hii sikuvua koti. Nilipofika, Kabeya, Mujinga na Banza walikuwa wamesimama kando ya reli, na Tata Mukendi alikuwa ameshajongea karibu nao. Mujinga alikuwa amekwisha kusema. Kabeya alikuwa ameishika karatasi ile mkononi. Banza alikuwa akiangalia mawe ya reli, kama mtu anayetafuta neno la kuanzia.

Nilifungua ukurasa, nikawaonyesha. Sifuri kumi na moja, mwandiko wangu, majuma mawili. Mbele ya kumi, wino mwekundu. Nikawasomea yule wa mwisho, mwenye watoto wanane. Mbele ya jina la Kabeya hapakuwa na kitu. Nilisema kwamba sifuri ile ni ya kikopo nilichokiosha kwa javel, si yake. Kwamba nililijua hilo tangu siku ya kumi na nne. Na kwamba nilinyamaza kwa aibu. Tata Mukendi hakunisaidia. Alisema tu, watu wa kando wasikie, kwamba daftari ni la kweli na kwamba tata wa wale wanane ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na kelele zao anazijua.

Mtu mmoja akacheka chini ya turubai. Kabeya hakucheka. Alisoma ukurasa kwa kidole, mstari kwa mstari, kama fundi anayefuata waya.

"Mwaka moja na nusu," akaniambia. "Kila siku niliangalia bibi yangu, nikasema: huyu anabakia juu ya huruma. Nilikuwa mukali kwake. Unajua ile?"

Nikasema sikuijua.

"Sasa unajua."

Hakunipiga. Hakunisamehe pia, na sikuthubutu kuomba. Alimgeukia Mujinga, akamwambia maneno kwa Kiluba cha Kasai ambayo nilijitahidi nisiyasikie. Yeye alimjibu kwa Kiswahili, ili kaka yake asikie vizuri, kwamba haikuwa huruma hata siku moja, ni kichwa kigumu.

Banza alikohoa. Mtoto ni wa baba yake, akasema, hilo hata kwetu halina mjadala. Kisha akainama, akanyanyua fuko la dada yake, lile alilokuja kulirudisha nyumbani, akauliza turubai lao ni lipi.

Treni ilikuja baada ya siku mbili. Yalikuwa mabehewa ya mizigo, na niliwasukuma kutoka chini, Kabeya akivuta kutoka juu. Tata Mukendi alipanda wa mwisho. Nilitaka kumwambia jambo kubwa, nilikuwa nimeliandaa, lilikuwa na sentensi tatu nzuri. Yeye alinitangulia kwa kuniambia nisisahau kuwaachilia wale vyura. Nilikuwa nimesahau.

Barua moja tu ilinifikia, kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai, baada ya muda mrefu. Mwandiko ulikuwa wa Tata Mukendi. Mke wake alifariki njiani. Mujinga alifika, akajifungua msichana. Kabeya alikuwa anatengeneza redio. Kuhusu mimi, hakuandika kitu, wala Kabeya hakutuma salamu. Nilisoma barua hiyo kwa jicho la mtu wa maabara, na kisichokuwapo nilikiona.

Ninyi mna mashine inayosoma homoni zote za tezi za uzazi kwa tone moja la damu, mchana huohuo. Hakuna tena majani kwenye kioo, na vyura wa mfereji wanalala salama. Mume na mke hupimwa siku moja. Na maabara yetu ikitoa jibu la uongo, mgonjwa huambiwa kabla ya jua kutua, na anayemwambia ni yule aliyekosea.